Wastani Haujazi Ghala

Hakuna namba inayoheshimiwa kupita stahili yake katika mazungumzo ya watu kama wastani. Hutajwa na mwalimu darasani, na bwana shamba barazani, na mtoa hotuba jukwaani. Na kila utajwapo, wasikiaji hutikisa vichwa kana kwamba neno la mwisho limekwisha kutamkwa. Mtu huuliza, Mvua ya Voi ni kiasi gani? Hujibiwa kwamba kwa mwaka wastani wake ni milimita mia tano na kitu. Muulizaji hushukuru, akaenda zake. Nakusudia kuonyesha katika insha hii kwamba muulizaji huyo hakupewa jibu, bali alipewa kivuli cha jibu. Na kwamba kivuli hicho, katika nchi kavu iliyo baina ya Voi na Taveta, huwagharimu watu mbegu, nguvu na chakula.

Itazame nchi yenyewe. Salaita ni kilima kidogo kilichosimama peke yake uwandani, mashariki ya Taveta, karibu na njia iendayo Voi. Magharibi yake uko mlima Kilimanjaro, ambao maji yake hupita chini ya ardhi yakafoka katika chemchemi na kuinywesha Taveta. Mashariki yake iko milima ya Taita, na kilele cha Vuria kilicho juu zaidi ya mita 2,200, ambako ukungu na mawingu hunyesha mara nyingi kuliko chini. Lakini uwanda ulio katikati haukupewa chemchemi wala ukungu. Mkulima wake hutazama juu, akingoja mvua za masika na za vuli. Zikija, hula, zisipokuja, hununua au huomba.

Sasa, mvua ya msimu mmoja ni kitu cha namna gani kwa hesabu? Si kama mbuzi wa zizini, ambao ni watatu au wanne, wala hawawi watatu na robo. Mvua hupimwa, haihesabiwi. Yaweza kuwa milimita 212, au 212 na nusu, au 212 na sehemu ndogo ya nusu hiyo, bila ya mwisho wa kugawa. Tena haijulikani kabla ya msimu. Kitu kipimwacho hivyo, kisicho na ngazi baina ya thamani moja na nyingine, na ambacho thamani yake huamuliwa na mambo tusiyoyatawala, wanahisabati hukiita kigeu endelevu cha nasibu. Jina ni refu, lakini kitu chenyewe ni cha kila siku. Muda wa kungoja gari stesheni ya Voi ni kigeu cha aina hiyo. Na uzito wa gunia la mkonge, na joto la adhuhuri, kadhalika.

Katika vitu vya namna hii liko jambo la ajabu, nalo ndilo msingi wa hoja yangu. Uwezekano wa kupata thamani moja kamili ni sufuri. Usishtuke, ndugu msomaji. Ukiuliza, Je, vuli hii itanyesha milimita 250 kamili, wala isipungue wala isizidi hata kwa unywele? jibu ni kwamba hapana tumaini lolote, kwa kuwa nukta moja haina upana, na kisicho na upana hakichukui sehemu yoyote ya uwezekano. Uwezekano hukaa katika nafasi, haukai katika nukta. Yafaa kuuliza, Je, itanyesha baina ya 200 na 300? Swali hilo lina jibu. Basi mtu atupaye namba moja tu akasema ndiyo mvua yetu, ametutajia kitu ambacho kwa ukamilifu wake hakitokei kamwe.

Badala ya namba moja, hesabu hutupa mstari uliopinda. Chora mstari wa chini, uandike juu yake kiasi cha mvua kutoka sufuri kwenda mbele. Kisha juu yake chora mstari wa pili, upande juu mahali ambapo miaka hukusanyika kwa wingi, na ushuke mahali ambapo miaka ni michache. Huo ndio mstari wa msongamano wa uwezekano. Una sharti mbili: haushuki kamwe chini ya sufuri, na eneo lote lililo chini yake ni moja kamili, kwa sababu ni lazima mvua iangukie mahali fulani. Ukitaka uwezekano wa mvua kuwa baina ya kiasi hiki na kile, pima eneo lililo baina yake, chini ya mstari. Basi.

Na tufanye kazi kwa mikono yetu. Mfano ufuatao ni wa kubuni, nimeufanya kuwa pembetatu ili kila mwanafunzi ajuaye nusu ya kitako mara kimo aweze kuuhakiki. Tuseme mvua ya vuli mahali fulani haipiti milimita 600. Msongamano wake unaanza sufuri, unapanda moja kwa moja mpaka penye milimita 150, kisha unashuka moja kwa moja mpaka penye 600. Kitako cha pembetatu ni 600. Ili eneo liwe moja, kimo hakina budi kuwa 1/300. Wastani wa pembetatu kama hii hupatikana kwa kujumlisha pembe zake tatu chini, yaani 0 na 150 na 600, na kugawa kwa tatu: ni milimita 250.

Bwana mmoja anakuja na mbegu ya mahindi ambayo, tuseme, huhitaji milimita 240 ili izae. Anasema, Wastani wenu ni 250. Mahindi yangu yanataka 240. Mna ziada ya milimita 10. Pandeni bila ya hofu. Maneno yake ni matamu, na hesabu yake ya kutoa haina kosa. Lakini na tupime eneo. Kutoka 240 mpaka 600 ni kitako cha 360. Kimo cha mstari penye 240 ni 1/375. Nusu ya 360 mara 1/375 ni 48 kwa 100. Maana yake ni kwamba mahindi hayo yatapata mvua ya kutosha katika miaka 48 kwa kila 100, na yatakauka katika miaka 52. Wastani ulisema ziada. Eneo linasema njaa mwaka mmoja katika kila miwili, na zaidi kidogo.

Laiti angekuja mwingine na mbegu ya mtama au pojo inayotaka milimita 150 tu. Eneo kutoka 150 mpaka 600 ni nusu ya 450 mara 1/300, yaani robo tatu. Miaka 75 kwa 100 mkulima huyu atavuna. Shamba ni lile lile, mvua ni ile ile, na wastani ni ule ule. Lakini mmoja ghala lake li tupu miaka 52, na mwenziwe miaka 25. Wastani haukuweza kuwatofautisha.

Sababu ya hila hii si ngumu kuiona. Mvua haiwezi kupungua chini ya sufuri, lakini yaweza kuzidi sana. Mwaka mmoja wa gharika huuvuta wastani juu, kama tajiri mmoja aingiavyo katika nyumba ya maskini kumi akawafanya wote, kwa wastani, kuwa watu wenye mali. Katika pembetatu yetu, miaka karibu 55 kwa 100 ina mvua iliyo chini ya wastani. Si ajabu basi kwamba wakulima wa nchi kavu hulalamika kila mara kuwa mvua haikufika kiasi chake cha kawaida. Watu wa mjini huwacheka wakisema kuwa mkulima haridhiki. Kumbe mkulima anasema kweli, na wastani ndio unaowadanganya wanaomcheka.

Wala hayo si ya ubaoni tu. Vuli ya mwaka 1961, na ya 1997, na ya 2019, zilileta mafuriko katika sehemu kubwa za Afrika ya Mashariki, zikabomoa barabara na madaraja. Kisha, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mvua za misimu mitano mfululizo zilipungua katika sehemu kubwa za nchi kame za Kenya, na Somalia, na kusini ya Ethiopia. Changanya vuli ya 2019 na zile zilizofuata, kisha gawa. Utapata namba ya kupendeza. Lakini ng'ombe aliyekufa mwaka 2022 hakunywa maji ya mwaka 2019.

Kilima chenyewe cha Salaita kina somo lake katika habari hii. Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza pamoja na askari wa Afrika Kusini lilikishambulia kilima hicho, kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mizinga ilielekezwa kileleni, kwa kuwa kilele ndicho kilichoonekana toka mbali, na wakubwa waliamini kuwa adui yuko huko. Lakini mahandaki yenye watu yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, yamefichwa na vichaka. Kilele kilipigwa barabara. Wa chini hawakudhurika sana. Na askari wa miguu waliposogea walipokewa kwa risasi, wakarudi nyuma baada ya kupoteza watu zaidi ya 100. Anayeutazama mchoro wa msongamano akaona ncha yake tu, au akachagua nukta moja ya katikati, anafanya kosa la aina hiyo hiyo. Hatari ya mkulima haiko kileleni. Iko chini, katika mteremko wa kushoto, mahali ambapo mvua ni haba. Na eneo la mahali pale ndilo linalopasa kupimwa kabla ya mbegu kutoka mfukoni.

Nisimwache na mwanafunzi ambaye amekimbia kosa moja akaangukia jingine. Wako wasomao kimo cha mstari kana kwamba kimo hicho ndicho uwezekano. Hao wajibiwe hivi. Pima mvua ya mfano wetu kwa mita badala ya milimita. Kitako cha pembetatu sasa ni 0.6, na kwa kuwa eneo lazima libaki moja, kimo chake kinakuwa tatu na theluthi. Nani amepata kusikia uwezekano unaozidi moja? Mvua haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni kipimo tu. Kimo hufuata kipimo, lakini eneo halifuati: robo tatu ya mtama inabaki robo tatu, upime kwa milimita au kwa mita. Msongamano si uwezekano, kama vile wingi wa watu katika kila eka si idadi ya watu. Mpaka uuzidishe kwa upana ndipo upate kitu cha kuhesabiwa.

Najua watakaosimama kunipinga, na haki yao ni kusikilizwa.

Wa kwanza atasema, Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Hesabu haileti wingu. Nakubali kabisa. Hesabu haileti wingu, wala haikudai kuleta. Lakini Mungu aliyeficha kiasi cha mvua ya mwakani hakuificha mvua ya miaka iliyopita. Ameiacha wazi ipimwe na kuandikwa. Waswahili husema, Dalili ya mvua ni mawingu. Waliosema hivyo hawakumpinga Mungu. Walitazama, wakakumbuka, wakalinganisha. Mwenye kupima eneo chini ya mstari hufanya kazi ile ile, ila yeye ana daftari.

Wa pili atasema, Mambo haya ni mazito. Mkulima hawezi kuyaelewa, mpe namba moja imtoshe. Huyu ndiye nimpingaye kwa nguvu zaidi, maana dharau yake imevaa nguo za huruma. Wazee wa Taita tangu zamani walikuwa na tabia ya kuwa na mashamba mahali mbalimbali, mengine juu milimani na mengine chini uwandani, ili panapokauka hapa pavunwe pale. Mama achanganyaye kunde, pojo na mtama katika shamba moja hajapata kuona alama ya msongamano, lakini hatumainii nukta moja; ameyatawanya matumaini yake kama mvua inavyotawanyika. Watu hawa walikwisha kuielewa maana kabla hatujawaletea jina. Asiyeelewa ni yule aliyewanyang'anya maana hiyo akawapa wastani.

Wa tatu atasema, Pembetatu yako ni ya kubuni. Ni kweli, na nilisema hivyo tangu mwanzo. Mvua ya kweli ina mstari wenye umbo lake, na umbo hilo halitoki kichwani mwa mwandishi, hutoka katika vipimo vya miaka mingi, kama vinavyowekwa na kituo cha hali ya hewa cha Voi. Tena hali ya nchi za dunia inapobadilika kwa kuongezeka kwa joto, umbo lenyewe laweza kusogea. Lakini tazama hoja hii inaelekea wapi. Kama umbo laweza kubadilika, ni haja iliyoje ya kuendelea kupima! Na kama pembetatu ni rahisi mno, je, nukta moja isemweje?

Wa nne ana hoja iliyo bora kuliko zote. Atasema kwamba wastani una kazi. Naam, unayo. Mwenye bwawa kubwa liwezalo kuweka maji ya miaka mingi hujali jumla, na wastani ni jumla iliyogawanywa. Mwenye mashamba elfu katika nchi kumi hufidia hasara ya hapa kwa faida ya pale. Kadiri mtu alivyo na akiba, ndivyo wastani unavyokuwa rafiki yake. Lakini mkulima wa chini ya Salaita hana bwawa la miaka mingi, na tumbo la mtoto halina ghala la kuweka shibe ya mwaka jana. Kumpa namba ya mwenye akiba mtu asiye na akiba ni kumpa kanzu iliyokatwa kwa kimo cha mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wanapaswa kulikemea. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa nchi zetu za pembe hii ya Afrika wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ya mvua na kutoa makadirio. Hawatoi namba moja. Huichukua mvua ya miaka iliyopita wakaigawa mafungu matatu yaliyo sawa kwa eneo: iliyo chini ya kawaida, iliyo karibu na kawaida, na iliyo juu ya kawaida. Asiyejua lolote kuhusu msimu ujao atalipa kila fungu theluthi moja. Mtaalamu, akitazama joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, husogeza uzito kutoka fungu moja kwenda jingine. Tuseme ametoa 45 kwa 100 kwa fungu la juu. Watu husikia, Mvua kubwa inakuja. Isipokuja, husema, Wametudanganya. Hakudanganya mtu! Aliyetoa 45 kwa upande mmoja amebakiza 55 kwa pande nyingine mbili, na aliyesikia 45 akaelewa hakika amejidanganya mwenyewe. Utabiri wa namna hii hauhukumiwi kwa msimu mmoja. Hukusanywa tabiri nyingi zilizosema 45, kisha huangaliwa kama karibu 45 katika kila 100 zilitimia. Hiyo ndiyo haki.

Lawama nyingine nailekeza kwetu sisi tunaofundisha na kuandika vitabu. Elimu hii ilianza kwa wachezaji wa kamari na dado huko Ulaya. Abraham de Moivre aliuonyesha mstari wenye umbo la kengele mwaka 1733. Carl Friedrich Gauss akautumia mwaka 1809 katika kupima makosa ya wenye kutazama nyota. Na Andrey Kolmogorov akaiwekea elimu yote msingi imara mwaka 1933. Ni urithi wa wanadamu wote, na sisi ni warithi. Lakini tunaurithisha vipi? Mwanafunzi hupewa mstari usio na jina la mahali, akaambiwa atafute eneo kutoka herufi moja hadi nyingine. Hulitafuta, hulipata, hupewa alama. Ukimwuliza eneo hilo ni la nini, hujibu kuwa ni la mtihani. Kisha hurudi nyumbani wakati wa kupanda, baba yake akamwuliza shauri, naye hana la kusema ila wastani ule ule alioukuta njiani. Mwanafunzi huyo ameshika jembe kwa upande wa chuma, akalima kwa mpini.

Basi ninyi mnaosoma, hasa mliozaliwa katika nchi kavu, nawaombeni mambo matatu. Mtakapopewa namba moja kuhusu kitu kinachobadilika, ulizeni imetawanyika vipi. Mtakapoona mstari wa msongamano, msikitazame kilele tu. Tafuteni eneo, na zaidi eneo la upande ambao hasara hukaa. Na mtakapokuwa mabwana shamba, waalimu, wanasiasa au wanunuzi wa mbegu, msimwambie mkulima kiasi ambacho mvua hunyesha kwa wastani. Mwambieni ni miaka mingapi katika kumi mbegu hii itamlisha, na ni miaka mingapi itamwacha. Neno hilo analielewa kila mtu, na ndilo neno la kweli.

Wastani ni mtumishi mwema wa mwenye akiba. Kwa asiye na akiba ni mshauri mbaya, na mshauri mbaya hafai kuachiwa ufunguo wa ghala.